Slit na slot: ni tundu moja au mawili? Wajuzi wa kiingereza karibuni

#1 FundiWaChikongola
Wakuu kwema? Naombeni msaada maana nimebishana na shemeji yangu tangu jana jioni na hakuna aliyekubali kushuka. Nimepata kazi ya kutengeneza masanduku ya maoni, yale ya mbao yanayotundikwa ukutani na kufungwa kufuli, mtu anaandika karatasi anaikunja anaitumbukiza. Maelezo ya kazi yote yako kwa kiingereza. Ukurasa wa kwanza wameandika mfuniko uwe na "slot", ukurasa wa pili kwenye mchoro, pale pale kwenye mfuniko, wameandika "slit". Shemeji anasema ni kitu kimoja. Mimi nasema haiwezekani, kama ni kitu kimoja kwa nini wenyewe wawe na maneno mawili? Na kwangu sio suala la maneno tu, nikipitisha msumeno mara moja napata mstari mwembamba basi, ila nikitoboa kwa keekee mwanzo na mwisho halafu nikachonga katikati kwa patasi na kupiga msasa hilo ni tundu lingine kabisa, muda mwingine na bei nyingine. Hapa Mtwara mjini nimeuliza watu kila mtu na lake. Nichonge lipi?

#2 Ticha_Masasi
Salama fundi. Swali zuri na ni rahisi. Slot ni tundu jembamba lililotengenezwa ili kitu fulani kinachojulikana kiingie, na kipimo chake kinafuata hicho kitu. Pa kutumbukizia sarafu ni slot, pa laini ya simu ni slot. Slit ni mpasuo tu, mwembamba na mrefu, wenyewe hauulizi nini kitapita. Jicho la paka mchana wa jua kali mboni inabaki slit, sketi ina slit, mtu akifumba macho nusu wanasema yamebaki slits. Sasa sanduku lako linasubiri karatasi, kwa hiyo ni slot. Huyo aliyechora ndiye aliyepotoka.

#3 mchinga_mbili
Ticha kamaliza. Uzi ufungwe.

#4 SimuKlinik
Usifungwe kwanza. Mimi nafungua simu na kompyuta kila siku na Ticha yuko sahihi nusu. Ya laini tunaita sloti, ya memori kadi sloti, za RAM kwenye ubao mama sloti. Lakini tundu la chaji mbona hakuna duniani anayeliita slot? Kitu kinaingia, kinajulikana, na kipimo kinafuata kitu chenyewe. Zamani pini ilikuwa ya duara sawa, ila hizi chaji za sasa ni bapa kabisa, nyembamba na ndefu kama unavyosema, na bado ni port. Mi naona tofauti ni kukaa. Laini ukiichomeka imehamia pale. Chaji inakuja inaondoka, ndio maana ikaitwa port, bandari, meli inatia nanga inashusha inaondoka.

#5 BiSalma_Cherehani
Asalaam aleykum. Mimi nashona Lindi mjini, naomba Ticha anijibu hili. Tundu la kifungo. Unapiga zigizaga pande mbili kwanza, nyuzi zisimame karibu karibu, unafunga juu na chini, halafu ndio unashika wembe unapasua katikati taratibu usije ukala uzi. Huo ni mpasuo mtupu, hakuna kitambaa kilichotoka. Lakini urefu wake nimeupima na kifungo chenyewe, nakiweka juu ya kitambaa natia alama na chaki. Kwa kanuni yako ni slot maana kinasubiri kifungo. Kwa macho ni slit maana nimepasua. Na wenye lugha yao wanaita hole. Sasa?

#6 Ticha_Masasi
Bi Salma shikamoo. Hapo jina limetangulia kanuni, neno buttonhole ni la zamani mno na lina ukaidi wake. Lakini nisikukwepe, mwingereza akielezea jinsi ya kulitengeneza atasema "cut a slit", nakubali. Baada ya kutengenezwa limepata jina lake lenyewe.

#7 mchinga_mbili
Kwa hiyo ni matatu sasa. Tulikuja na mawili.

#8 Karakana_Mkanaledi
Nyote mnaangalia kinachoingia. Angalieni kilichotoka. Mimi ni fundi wa mashine za kuchonga chuma na kwenye michoro yetu hili neno lina pesa ndani yake. Slot ni pale ambapo umeondoa kitu. Ule mfereji kwenye shafti wa kufungia puli, chuma kimetoka pale, makapi yako chini unayafagia. Slit kisu kimepita na hakuna kilichotoka, umetenganisha tu. Yale marobota makubwa ya bati yanayokatwa kuwa mikanda membamba, mashine yake inaitwa slitter, kwa sababu bati lote lililoingia limetoka, limegawanywa tu. Kipimo changu ni hiki: bana pande mbili. Zikikutana na tundu likapotea, hiyo ni slit. Zisipokutana ni slot. Kifungo cha Bi Salma ni slit. Fundi wa Chikongola, meno ya msumeno yanatoa unga wa mbao, kwa hiyo hata ukipitisha mara moja tu tayari umechonga slot, nyembamba ila ni slot.

#9 FundiWaChikongola
Karakana hapa umenigusa, unga wa mbao nauona kweli unamwagika. Ila kwa hesabu hiyo seremala hawezi kutengeneza slit maisha yake yote?

#10 Karakana_Mkanaledi
Kwa patasi kali kwenye mbao laini anaweza. Kwa msumeno hapana.

#11 PCM_Ndanda
Samahani wakubwa naomba kupinga namba 8. Kwenye fizikia tuna jaribio la Thomas Young la mwaka 1801, double slit, mwanga unapita kwenye slits mbili na ukutani unapata mistari ya mwanga na giza inapishana. Maabara tunatengeneza kwa kipande cha kioo kilichopakwa rangi nyeusi, unakwangua mistari miwili kwa wembe, karibu karibu sana. Pale rangi imetoka, na kioo huwezi kukibana pande zikutane. Na bado ni slit kwenye kila kitabu, hakuna aliyewahi kuandika double slot. Tena tunapima upana wa slit, kwa hiyo ina upana sio mstari tu. Mi naona ni wembamba. Ikiwa nyembamba mno ni slit, ikinenepa ni slot.

#12 MstaafuWaMaabara
Kijana hongera, ila tunyooshe historia. Jaribio ambalo Young mwenyewe alilisoma mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, Novemba 1803 halikuwa na slits mbili. Alitoboa kitundu kidogo kwenye karatasi nzito iliyoziba dirisha, akapitisha mwale wa jua, halafu akausimamishia kadi nyembamba upana wake kama sehemu moja ya thelathini ya inchi, mwale ukagawanyika kushoto na kulia kwa kadi. Matundu mawili yanakuja kwenye mihadhara yake iliyochapishwa 1807. Kwa hiyo mwanzo wa jambo lote ni kitundu cha duara na ukingo wa kadi. Slit tumezizoea kwa sababu zinapitisha mwanga mwingi kuliko vitundu na mistari inaonekana vizuri.

Kuhusu wembamba, hapana. Wembamba kiasi gani? Ukitaka kuona tabia ya mwanga slit lazima iwe nyembamba, lakini kuna slits kwenye vifaa unaweza kuzipanua kwa skrubu mpaka ukapitisha kidole na jina halibadiliki.

#13 PCM_Ndanda
Asante mzee, hiyo ya kadi sikuijua.

#14 Macho_Kusini
Mstaafu umenifungulia mlango. Mimi niko idara ya macho. Ile mashine ambayo mgonjwa anaweka kidevu mbele anaegemeza paji la uso, mimi nakaa upande wa pili, inaitwa slit lamp. Ilianzishwa na Msweden Allvar Gullstrand mwaka 1911. Kazi yake ni kutoa mwanga mwembamba kama ukuta uliosimama, nikiupitisha kwenye jicho naona tabaka moja moja, kioo cha mbele, maji, lenzi, kama lenzi imeanza ukungu wa mtoto wa jicho naona umekaa kina gani. Na ni kweli nina kitasa pembeni, nazungusha mwanga unanenepa, nazungusha unakonda mpaka unazimika. Namba 8 hapo ana hoja kidogo maana pande zinakutana na tundu linapotea. Namba 11 hana.

Mimi navyoona slit inahusiana na kinachoPITA, mwanga, hewa, jicho linalochungulia. Slot inahusiana na kinachoINGIA. Vitu viwili tofauti.

#15 MamaNtilie_Bandarini
Jamani na mimi. Nina kile kijiko kikubwa bapa cha kuepulia maandazi na samaki, chenye mikato mirefu mirefu. Nimekinunua na karatasi yake, imeandikwa slotted spoon. Hakuna kinachoingia pale, mafuta yanapita tu yanarudi kwenye karai. Kwa maneno ya mtaalamu wa macho ilitakiwa iwe slit spoon.

#16 SimuKlinik
Mama ntilie kaua uzi.

#17 Karakana_Mkanaledi
Kaniunga mkono mimi. Chuma kimetoka pale, kimepigwa na tindo la kiwandani vipande vikaanguka. Na huwezi kubana. Slot.

#18 Macho_Kusini
Sawa kijiko kimenishinda, lakini taa yangu bado inakushinda wewe Karakana, pale hakuna aliyepasua chochote. Ni vibati viwili vimesogezwa karibu.

#19 Nahodha_Msangamkuu
Nimesoma kuanzia juu naona hakuna aliyetaja chombo. Nyie mnaongea matundu ya kufanya, mimi naongea ya kuziba. Mashua ina mbao zimekaa ubavu kwa ubavu na kati ya ubao na ubao kuna mwanya. Ule mwanya hakuna aliyeupasua na hakuna aliyeuchonga, umekuja kwa sababu mbao mbili zimekutana. Unachukua pamba, unaisokota, unaitia mafuta, unaishindilia kwa tindo butu na nyundo ya mbao, unasikia mlio unabadilika, mwanzo unalia ko ko mtupu, ikijaa unalia mzito. Hapo ndio kalafati imekaa. Usiposikiliza mlio utadhani umemaliza na maji yatakwambia. Na chombo kikikaa juu ya mchanga jua kali wiki kadhaa mbao zinanywea mianya inafunguka, ukikishusha kinakunywa maji siku mbili tatu mbao zinavimba zinafunga zenyewe.

Sasa huo kwa kiingereza ni nini? Sio ufa, ufa ni ubao mmoja umepasuka, ufa ni msiba.

#20 BintiMikindani
Nahodha shikamoo. Kati ya mbao na mbao wanaita seam, kama mshono wa nguo vile vile, Bi Salma atafurahi. Ikifunguka nafasi ni gap. Ufa ndio crack.

Halafu nimesomea lugha kwa hiyo niwarudishe kwenye slit na slot. Watu wanadhani ni mapacha kwa sababu yanafanana, irabu tu ndio imebadilika. Sio hata ndugu. Slit limetoka kwenye kitenzi cha kiingereza cha kale slitan, kupasua au kurarua, na Wajerumani wana schlitzen mpaka leo. Slot lilikuja kupitia kifaransa cha kale, esclot, na katika kiingereza cha zamani maana yake ilikuwa kile kishimo cha chini ya koo, hapa katikati ya mifupa ya mabega, weka kidole utakisikia. Baadaye ndio likasogea kwenye tundu la kuingizia kitu. Kwa hiyo moja lilizaliwa likiwa tendo la kisu, lingine lilizaliwa likiwa mahali. Ukiniuliza mimi hiyo ndio tofauti, mengine yote mliyoyasema yanatokana na hapo.

Na @SimuKlinik namba 4, port ya chaji haikutokana na bandari. Imetokana na kilatini porta, lango. Bandari ni portus. Zamani za kale maneno hayo yana mzizi mmoja, lakini chaji yako inapita langoni, haitii nanga.

#21 SimuKlinik
Binti umenivunjia meli yangu nzuri. Nimepokea.

#22 Korosho_Ghafi
Kishimo cha koo nimekishika nimekaa nacho dakika nzima hapa kijiweni, wenzangu wananiuliza unaumwa?

#23 Ticha_Masasi
BintiMikindani umefanya kazi kubwa na naongeza sarufi. Slit ni kitenzi kisichobadilika, leo slit jana slit. Slot linabadilika, slotted. Ukislit kitu unakifanyia kidonda. Ukislot kitu unakichomeka mahali pake. Yaani kitenzi kimoja kinatengeneza tundu na kingine kinalitumia. Hii inanirudisha namba 2 na sijaondoka pale.

#24 BiSalma_Cherehani
Mwalimu hujaondoka lakini kifungo changu kipo mlangoni kwako.

#25 RedioPwani
Natoka upande mwingine kabisa. Kwenye redio tunasema kipindi kimepewa sloti ya saa mbili usiku, tangazo lina sloti yake. Ndege nazo zina sloti za kutua kwenye viwanja vyenye msongamano, pale Heathrow, London, kampuni za ndege zinauziana kwa pesa za kutisha. Hapo hakuna kisu, hakuna chuma, hakuna wembamba. Ni nafasi iliyopangwa kati ya nafasi nyingine, ina mwenyewe au inamsubiri. Mtu hawezi kusema slit ya saa mbili. Kwa hiyo naungana na Ticha na Binti, slot ni mahali.

#26 Korosho_Ghafi
Na zile mashine za dubwi je, za kutumbukiza mia mbili mia mbili? Zinaitwa slot machine. Naongea kwa uchungu maana hapa kwetu Tandahimba msimu wa korosho ukifunguka tu zinajaa vijiweni na vijana wanamalizia malipo ya mzee pale. Jina lote limetoka kwenye kitundu kidogo cha sarafu. Siku hizi kuna nyingine ziko kwenye simu, hazina tundu hata moja, jina limebaki.

#27 mchinga_mbili
Umesema kweli. Pale tundu la kuingiza lipo, la kutoa ndio shida.

#28 Mlinzi_wa_Ngome
Ticha nakuletea kitu cha kukutoa namba 2. Ngome za zamani za Ulaya zile za mawe, ukutani kuna vitundu virefu vya kusimama vya mpiga mishale. Kwa nje ni mstari mwembamba, adui hana pa kulenga, kwa ndani ukuta umechongwa kwa kutanuka ili mpiga upinde ageuke kushoto na kulia. Vimetengenezwa kwa makusudi, kwa kitu kinachojulikana, mshale. Jina lake arrow slit. Na ukuta wa mawe huwezi kuubana, kwa hiyo na Karakana naye hapa anaanguka. Vina jina la pili, loophole, ndio hilo hilo wanasheria wanalotumia kwa upenyo wa sheria. Tundu la kupigia mishale limekuwa tundu la kukwepea kodi.

#29 Macho_Kusini
Mshale UNAPITA. Asante sana Mlinzi.

#30 Karakana_Mkanaledi
Mshale unapita na mafuta ya mama ntilie nayo yanapita. Moja slit moja slot. Huna pa kwenda.

#31 Nahodha_Msangamkuu
Papa naye ana mipasuo mitano kila upande wa kichwa, wengi ni mitano, wapo wachache wa sita na saba. Samaki wengine wana shavu linalofunika, papa mipasuo iko wazi unaiona. Maji yanaingia mdomoni yanatokea pale. Wazungu watalii waliokuja kuzamia waliita gill slits. Inafunga na kufunguka. Nadhani uhai una slit, mashine ina slot.

#32 PCM_Ndanda
Nahodha hiyo imekaa vizuri kuliko zote ila ngome haina uhai na kioo chetu cha maabara hakina.

#33 Mdimu_wa_Newala
Uhai na kitu kinakutana kwenye lipiko. Kinyago cha kuvaa kichwa kizima, cha mti mwepesi, babu alikuwa anakikomba ndani mpaka ukigonga kinalia. Mtu wa nje akikitazama anadhani mchezaji anaona kupitia macho ya kinyago. Haoni huko. Kinavaliwa kimelalia nyuma na mchezaji anachungulia kupitia mdomo. Macho yamechongwa yamefumba nusu, mistari miwili tu, hayo naweza kuita slits. Mdomo uko wazi kwa kazi. Huo ni nini, maana jicho haliingii na wala mdomo hausubiri kitu? Na usisahau mdomo wa juu wenye ndonya, pale kuna tundu lililotobolewa likapanuliwa kidogo kidogo kwa miaka na kuwekewa kitu cha kukaa. Kwa kanuni ya SimuKlinik ya kukaa, tundu la ndonya ni slot kamili, na hakuna mwandishi yeyote aliyeliita hivyo.

#34 Ticha_Masasi
Kwa sababu ni la duara. Slot lazima liwe refu kuliko upana. Hilo angalau wote humu hatujalipinga.

#35 SimuKlinik
Nalipinga mimi. Sloti ya saa mbili ya RedioPwani ina urefu gani?

#36 RedioPwani
Nusu saa.

#37 Korosho_Ghafi
😂😂😂

#38 Shemeji_Mwenyewe
Mimi ndiye shemeji. Nimeletewa simu nisome. Nawaheshimu wote lakini swali lilikuwa la kazi na mmempeleka fundi mpaka Ulaya kwenye ngome. Mchoro una vipimo au hauna? Kama vipo, kipimo ndicho kinachochonga, jina halichongi mbao.

#39 FundiWaChikongola
Vipo. Urefu milimita 150, upana 8. Ila kwenye mchoro tundu limechorwa mara mbili, mstari mzima kwa juu na mwingine wa vidoti kwa chini yake, na neno slit limeelekezwa na mshale ule wa vidoti. Sikuwa nimelitilia maanani.

#40 Karakana_Mkanaledi
Subiri subiri. Vidoti kwenye mchoro ni kitu kilichojificha chini. Kwa hiyo ni vitu viwili!

#41 Kibubu_Imara
Sasa hapa ni kwangu. Natengeneza vibubu, nauza soko kuu na mnadani. Adui wa kibubu ni chelewa. Mtoto anachukua chelewa mbili za ufagio, anazipitisha kwenye tundu, anageuza sanduku juu chini, anabana noti kama anavuna maembe. Dawa yake kwa ndani chini ya mfuniko unapigilia kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, umeupasua katikati kwa wembe. Hela inaingia kwa kusukuma, mpira unarudi unajifunga, chelewa ikiingia inang'ang'aniwa na ukigeuza sanduku mpira unabaki umefumba. Juu mbao imechongwa tundu la upana wa kutosha noti ya elfu kumi iliyokunjwa na sarafu ya mia tano, chini mpira umepasuliwa tu. Fundi nakuhakikishia ndicho wanachotaka, wanachoogopa ni maoni ya watu kuvutwa na kusomwa na asiyehusika. Slot ya mbao, slit ya mpira, kila neno na kazi yake.

#42 BiSalma_Cherehani
MashaAllah.

#43 Shemeji_Mwenyewe
Au aliyechora aliweka vidoti kuonyesha unene wa mfuniko na akaandika neno lililomjia. Nimeona michoro mingi. Mpira umeandikwa popote kwenye orodha ya vifaa?

#44 FundiWaChikongola
Mpira haujaandikwa. Kuna mbao, skrubu, bawaba, kufuli, vanishi. Kuna "lining" pia lakini haijasemwa ya nini, mi nilidhani ni kitambaa cha ndani.

#45 BintiMikindani
Lining inaweza kuwa huo mpira. Inaweza kuwa kitambaa pia.

#46 Ticha_Masasi
Kama ni mpira basi kanuni yangu na ya Karakana na ya mtaalamu wa macho zote zinasimama kwenye sanduku moja. Kama ni kitambaa hakuna inayosimama. Fundi wapigie simu kabla hujagusa mbao.

#47 Karakana_Mkanaledi
Yangu inasimama vyovyote vile.

#48 Macho_Kusini
Taa yangu Karakana. Taa yangu.

#49 Korosho_Ghafi
Kibubu_Imara, kimoja cha ukubwa wa kati chenye mpira ni bei gani na unatuma Tandahimba? Nina watoto watatu na ufagio mmoja.

#50 Kibubu_Imara
Natuma kwa basi la asubuhi, andika ukubwa na kama unataka kufuli au kilichopigiliwa kabisa mpaka ukivunje. Watu wazima nawashauri cha kuvunja.

#51 mchinga_mbili
Na mimi nina swali kwa Nahodha, pamba ya kalafati unaitia mafuta gani? Mzee wangu ana kimashua Mchinga kinavuja kati ya ubao wa tatu na wa nne, ametumia mafuta ya nazi haikukaa.

#52 Nahodha_Msangamkuu
Mafuta ya nazi sio mabaya, shida huenda ni pamba ya zamani haijatolewa yote. Chimbua mpaka uone mbao safi, sio unaongezea juu ya ile iliyooza. Halafu nje ya chombo paka sifa, mafuta ya ini la papa, ndiyo yanailinda mbao yenyewe. Yananuka, avumilie. Na akague ubao wa nne kwa kucha kuanzia msumari wa kwanza, kama kucha inazama basi huo sio mwanya tena, abadilishe ubao.

#53 mchinga_mbili
Nimemtumia. Anasema kucha inazama kidogo upande wa tezi tu. Abadilishe wote au akate kipande?

#54 Nahodha_Msangamkuu
Piga picha kwa karibu mchana, chombo kikiwa kikavu, halafu uiweke hapa.